Mji Mmoja, Milango Mingi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wenyeji wa mji wa Goma

Tunajua ya kuwa wengi wenu mmeacha kazi ili kuja hapa, na mama zetu wa soko wameacha bidhaa mikononi mwa watoto. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno ya bure. Tuliombwa kusema juu ya jambo moja, nalo ni serikali za mji wetu. Tunasema serikali nyingi, si moja, kwa kuwa hapa Goma mtu anayelala katika nyumba moja ana wakubwa wengi juu ya kichwa chake, na kila mmoja anaweza kumwita, kumwandika na kumdai.

Sisi ni makarani wa machimbo. Kazi yetu ni kuandika: magunia mangapi yameingia, uzito gani, nani ameleta, nani amelipwa. Karani hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba kila kilichopokewa lazima kiandikwe kimekwenda wapi. Basi tumeona vema kuutazama utawala wa mji wetu kwa jicho hilo. Upande mmoja wa kitabu tutaandika nani anapokea. Upande wa pili tutaandika anajibu juu ya kazi gani. Ninyi wenyewe mtaona upande upi umejaa, na upi una nafasi tupu.

NGAZI NA VIPANDIO VYAKE

Tuanze chini. Kipandio cha kwanza ni mkubwa wa nyumba kumi. Yeye anajua nani amelala wapi, na mgeni gani amefika jana. Juu yake yuko mkubwa wa avenyu. Juu yake yuko mkubwa wa mtaa, ule tunaouita kartie. Mji wetu una mitaa 18. Juu ya mitaa ziko komini mbili. Komini ya Goma ina mitaa 7, na komini ya Karisimbi ina mitaa 11. Kila komini ina burugumestre wake. Juu ya komini yuko meya wa mji. Juu ya meya yuko gavana wa jimbo la Kivu ya Kaskazini, pamoja na bunge la jimbo. Na juu ya jimbo iko Kinshasa, yenye Rais, mawaziri, wabunge na maseneta. Hesabuni: nyumba kumi, avenyu, mtaa, komini, mji, jimbo, taifa. Ni vipandio saba.

Lakini ngazi yetu haisimami peke yake. Mtu akitoka mjini kuelekea kaskazini, upande wa mlima, hakawii kuingia katika wilaya ya Nyiragongo. Huko ngazi ni nyingine. Kuna kijiji, kundi la vijiji, usultani wa Bukumu wenye Mwami wake, halafu mkubwa wa wilaya, halafu gavana yule yule. Nyumba zimejengwa zikashikana, watoto wanasoma shule zilezile, mama wanauza katika masoko yaleyale, lakini serikali ni mbili.

Tena ziko ofisi ambazo makao yake yako hapa katikati yetu lakini masikio yake yako Kinshasa. Maji ya bomba ni ya Regideso, na Regideso ni kampuni ya taifa. Snel ni ya taifa. Barabara kubwa ya Sake na ya Rutshuru ni barabara ya taifa namba 2, na kwa kawaida inaangaliwa na ofisi ya taifa ya barabara. Hati za viwanja zinatolewa na idara ya ardhi, nayo ni ya taifa. Forodha ni ya taifa. Hifadhi ya Virunga, ambamo kilele cha mlima wetu kimo, inaangaliwa na ofisi ya taifa ya hifadhi.

Kati ya vipandio hivi vyote, vipi vina nguvu ya kweli? Katiba ya 18 Februari 2006, na sheria ya 7 Oktoba 2008 iliyoifuata, zinajibu wazi. Jimbo, mji, komini, sekta na usultani vina utu wa sheria. Maana yake, vinaweza kuwa na sanduku lao la fedha, kuandika bajeti yao, kushtaki na kushtakiwa. Wilaya, mtaa, kundi la vijiji na kijiji havina utu huo. Ni mikono ya serikali ya kupitishia amri. Mkubwa wa mtaa hana sanduku lake la kodi, sembuse mkubwa wa avenyu au wa nyumba kumi. Mkononi mwake ikionekana karatasi ya kudai fedha, lazima iwe imeandikwa kwa jina la komini, la mji au la jimbo. Tunawaomba mlishike jambo hili, tutalirudia.

NGAZI ILIJENGWAJE

Vitu hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa Bula Matari, amri ya 26 Machi 1957 iliunda miji yenye komini, na mwezi wa Desemba mwaka ule watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipiga kura. Miwili kati ya miji hiyo mitatu ilikuwa miji ya machimbo, ile tunayoiita leo Lubumbashi na Likasi. Mwaka 1958 zamu ikafika Bukavu na miji mingine. Goma haikuwamo katika orodha hiyo. Kwa kura zile Mkongo aliweza kuwa burugumestre, na Joseph Kasa-Vubu akawa burugumestre wa komini ya Dendale. Lakini mkubwa wa mji mzima, aliyeitwa burugumestre wa kwanza, hakuchaguliwa na watu. Aliwekwa na serikali ya Wabelgiji. Komini zilipewa watu, na kamba ya kuzifunga zote pamoja ikabaki mkononi mwa mwingine. Kumbukeni mtindo huo, kwa kuwa haukwenda nao Ulaya mwaka 1960.

Mwaka 1962 Kivu ya Kaskazini ikawa jimbo. Mwaka 1966 ikarudishwa ndani ya Kivu moja, na makao yakawa Bukavu. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa tena, yakatoka majimbo matatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Hapo Goma ikawa makao ya jimbo na ikapata cheo cha mji. Basi mji wetu kama mji ni kijana tu, na tayari umevikwa nguo za watu wazima saba.

Halafu ikaja Katiba ya 2006 na ahadi nzuri. Raia wachague madiwani wa komini. Madiwani wa komini wachague burugumestre, na wachague baraza la mji. Baraza la mji limchague meya. Sheria ya 2008 ikaandika hivyo. Lakini miaka ikapita bila kura hiyo, na mameya na maburugumestre wakaendelea kuwekwa kwa amri kutoka Kinshasa. Tarehe 20 Desemba 2023 ndipo kura ya madiwani wa komini ilipopigwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, katika komini za miji mikuu ya majimbo. Kwetu wakati huo jimbo lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu tarehe 6 Mei 2021. Gavana alikuwa mwanajeshi, meya alikuwa afisa wa polisi, na kazi ya bunge la jimbo ilikuwa imesimamishwa. Vita vikafika mjini kabla mti huo haujazaa.

SIKU MLIMA ULIPOSEMA

Labda mtu atasema: haya ni mambo ya makaratasi, yanatuhusu nini sisi wenye njaa? Tutamjibu kwa mfano ambao kila aliyekuwa hapa anaujua.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipasuka. Utawala wa kijeshi ulikuwa na siku 16 tu tangu uanze. Moto ulishuka katika vijiji vya wilaya ya Nyiragongo, ukateketeza maelfu ya nyumba, ukafika ukingoni mwa mji karibu na uwanja wa ndege, ukasimama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Usiku ule wengi walikimbia bila kungoja amri ya mtu yeyote.

Sasa ulizeni: mlima ule ni kazi ya nani? Kilele kiko ndani ya hifadhi, nayo ni ya ofisi ya taifa. Ofisi ya kuuchunguza mlima iko hapa Goma, lakini iko chini ya wizara iliyoko Kinshasa, na msaada wa fedha kutoka nje uliokuwa ukiitegemeza ulikwisha mwaka 2020. Vijiji vya mteremko ni vya usultani na wilaya. Mitaa ya chini ni ya komini na mji. Amri ya kuhamisha watu ni ya gavana. Huyu aliyekuwa na kazi ya kuona hakuwa na fedha. Huyu aliyekuwa na sauti ya kuamuru hakuwa na vyombo vya kuona. Na yule aliyewajua watu nyumba kwa nyumba, yaani mkubwa wa avenyu, hakuwa na hiki wala kile.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, alitoa amri ya kuhama kwa mitaa 10 kati ya 18. Watu karibu 400,000 wakaondoka. Wakaenda wapi? Wengine Sake, na Sake ni wilaya ya Masisi. Wengine Minova, na Minova ni ya Kivu ya Kusini, jimbo jingine lenye gavana mwingine. Wengine walipanda mashua hadi Bukavu. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na huko ni nchi nyingine. Mama mmoja mwenye watoto na godoro kichwani aliweza kupita serikali tatu kwa siku moja, na katika kila moja alikuwa mgeni asiyeandikwa katika kitabu. Mji ulijua kumwambia atoke. Haukuwa na ngazi moja iliyopewa kazi ya kumpokea.

Ndiyo maana tunasema mambo haya yana uzito wa roho za watu.

MPAKA USIOONEKANA

Jambo la pili ni mpaka. Mji unakua. Watu wanaokimbia vita wanakuja, vijana wanakuja kutafuta kazi, nyumba zinapanda kuelekea mlimani. Mpaka kati ya mji na wilaya ya Nyiragongo umegombaniwa miaka mingi, na jina la Buhene mmelisikia wote katika ugomvi huo. Mtu amepewa kiwanja na mkubwa wa kimila, amejenga, amepanda miti. Kesho anaambiwa hapa ni mji, lete hati ya mji. Anajibu kwamba alilipa kwa Mwami. Anaambiwa kwamba kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Leta. Kwa hiyo analipa mara ya pili, au anafukuzwa.

Wanaovutana si mtu na jirani yake. Ni masanduku mawili yanayovutana juu ya mfuko mmoja. Na wakati wa kutoa, angalieni jinsi mvutano unavyogeuka. Maji ya mvua yakichimba shimo mpakani, mji unasema shimo ni la wilaya, na wilaya inasema shimo ni la mji. Kodi ina wazazi wawili. Shimo ni yatima.

Hata ndani ya mji wenyewe ni vilevile. Sheria ya 2008 inaupa mji masoko, barabara na mengine yenye faida kwa mji. Halafu inaipa komini masoko, barabara na mengine yenye faida kwa komini. Maneno ni karibu yaleyale. Lakini nani amekwenda Virunga, Alanine au Kituku na chokaa mkononi kuonyesha hapa faida ya komini inakwisha na faida ya mji inaanza? Kwa mama wa nyanya, anayekuja asubuhi na anayekuja mchana wote wana kofia na kitabu cha karatasi.

FEDHA ZINAPITA WAPI

Sasa tufike penye kazi yetu, kwenye hesabu. Tunawaomba mtulie kidogo.

Kwa Katiba, ibara ya 175, katika kila faranga 100 za mapato ya taifa yanayokusanywa, 40 ni za majimbo, zikatwe palepale zinapokusanywa. Kwa sheria ya 2008, katika zile 40, sehemu 40 katika 100 ni za miji, komini, sekta na sultani. Pigeni hesabu: 40 mara 40 katika 100 ni 16. Basi kwa maandishi, katika kila faranga 100 za mapato hayo, 60 ni za Kinshasa, 24 ni za jimbo, 16 ni za ngazi zilizo karibu na mlango wako. Ni hesabu nzuri sana. Lakini viongozi wa majimbo wamelia miaka mingi kwamba kukata palepale hakufanyiki, bali fedha zinakwenda kwanza Kinshasa na kurudi kidogo, tena kwa kuchelewa. Na jimbo likipewa kidogo, komini hupewa nini? Hupewa salamu.

Kwa sababu hiyo komini yenye njaa inageukia mahali pa karibu, na mahali pa karibu ni mfuko wa mama wa soko na kijana wa pikipiki. Mkiona kodi ndogondogo zinaota kama uyoga baada ya mvua, jueni ya kuwa sehemu ya mzizi iko kule juu, katika zile 40 ambazo hazikukatwa.

Sasa sisi wa machimbo. Kanuni ya madini ya mwaka 2002 ilisema mrabaha wa madini ugawanywe hivi: 60 kwa taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au wilaya ya mahali pa kuchimba. Sheria ya 9 Machi 2018 ikabadilisha. Sasa ni 50 kwa taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa ngazi ya chini yenye utu wa sheria pale machimbo yalipo, yaani komini, sekta au usultani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena mwenye kibali anatakiwa kulipa kila sehemu moja kwa moja kwa mwenyewe, bila kungoja Kinshasa irudishe. Mwaka huohuo wa 2018 koltani iliwekwa kati ya madini ya mkakati, na mrabaha wake ukapanda kuwa 10 katika 100. Na juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutoa sehemu isiyopungua 0.3 katika 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka.

Mwaona jambo lililofichwa hapo? Zile 15 hazimfikii mkubwa wa wilaya, kwa kuwa wilaya haina utu wa sheria. Haziji Goma pia, kwa kuwa Goma haina shimo la madini. Rubaya iko Masisi, Bisie iko Walikale. Goma ina nyumba za kununua madini, maghala, ofisi, magari, na watu waliokimbia kutoka hukohuko madini yanakotoka. Mzigo wa watu unaangukia mji, sehemu ya fedha inaangukia kwingine. Wenyeji wa mji wasiwaonee wivu wachimbaji kwa ajili hiyo. Hata huko machimboni ni wangapi wamewahi kuoneshwa kitabu cha zile 15? Anayeteremka shimoni na tochi kichwani ana haki ya kumwuliza sultani au mkubwa wa sekta: mwaka huu zimeingia ngapi, na zimejenga nini?

MAGAVANA WAWILI

Lazima tuseme na hili, ingawa si rahisi. Tarehe 27 Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23. Mwezi wa Februari wakamweka gavana wao, Bwana Bahati Musanga, na meya wao. Serikali ya Kinshasa nayo ikamweka Jenerali Evariste Somo Kakule kuwa gavana, naye akafanya kazi kutoka Beni. Kwa hiyo mwaka 2025 jimbo letu lilikuwa na magavana wawili, kila mmoja na muhuri wake.

Hatukuja hapa leo kutoa hukumu juu ya vita. Tunasema mambo ya karani tu. Mtoto akizaliwa, sheria inataka aandikwe katika siku 90. Je, atakapokuwa mkubwa, muhuri upi utasomwa? Mfanya biashara akilipa huku, akifika kule hulipa tena. Tumezoea kusema fahali wawili wakigombana, ziumiazo ni nyasi. Mwaka ule tulijifunza kwamba hata karatasi za nyasi huumia. Na si mara ya kwanza. Mwaka 2002, moto wa mlima ulipokata mji vipande viwili, Goma ilikuwa chini ya RCD, na amri ya Kinshasa ilikuwa haifiki hapa. Kila mara vita vinapoongeza kipandio katika ngazi, kodi inaongezeka mara moja, na kazi inangoja amani.

JE, TUPUNGUZE VIPANDIO?

Wengine wanasema dawa ni moja: tufute hizi ofisi zote, tubaki na mkubwa mmoja. Wahenga wetu wametuachia methali mbili. Moja inasema penye wengi hapaharibiki neno. Nyingine inasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ipi ni ya kweli? Tuangalie miji ya wengine.

Dar es Salaam ilikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Watu waliuliza kwa nini walipie ofisi mbili. Mwezi wa Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri hiyo, na Ilala ikapewa cheo cha Jiji. London walifanya hivyo zamani. Mwaka 1986 baraza la mji mzima lilivunjwa, zikabaki serikali ndogo 32 za mitaa pamoja na ile ya kale ya katikati. Lakini barabara, magari ya abiria na moshi havikutambua mipaka ya serikali ndogo. Baada ya miaka 14, mwaka 2000, wakarudisha chombo cha mji mzima, safari hii na meya aliyechaguliwa na raia wenyewe.

Tunajifunza nini? Wingi wa vipandio si ugonjwa wenyewe. Mji mkubwa unahitaji mtu wa karibu wa kuandika mtoto na kufagia soko, na unahitaji mtu wa juu wa kutazama mlima, ziwa na barabara kuu. Ugonjwa ni kipandio kinachopokea bila kujibu, na kipandio kinachowekwa na mtu wa mbali hata akijibu anajibu mbali. Meya wetu kwa sheria ana kofia mbili. Ni mkubwa wa mji wenye uhuru wake, na papo hapo ni mjumbe wa taifa na jimbo ndani ya mji. Akichaguliwa na baraza, kofia ya kwanza ina uzito. Akiwekwa kwa amri, kofia ya kwanza ni pambo.

TUFANYE NINI

Mabwana na mabibi, hatuwaambii msilipe. Mji usiolipiwa haufagiliwi. Tunawaambia mlipe kama watu wenye kitabu.

Kwanza, kila anayekuja kudai aulizwe kwa heshima maswali matatu. Unatumwa na ngazi ipi? Muhuri ulio juu ya karatasi hii ni wa nani? Fedha hii inajibu juu ya kazi gani? Kwa Katiba, ibara ya 204, kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya magari ni za jimbo. Forodha ni ya taifa. Ushuru wa meza sokoni ni wa ngazi ya chini. Anayechanganya hayo ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Pili, tutunze karatasi. Karatasi moja ya mtu mmoja haina nguvu. Karatasi za mama mia moja wa soko moja, zikikusanywa na chama chao na kupangwa kwa tarehe, ni ushahidi ambao burugumestre yeyote atauogopa. Machimboni vilevile. Vikundi vya wachimbaji na viandike magunia yaliyotoka, kisha viombe hesabu ya zile 15 na ile 0.3. Ukijua kilichoingia, unaweza kuuliza kilichotoka.

Tatu, mpaka uwekwe ardhini. Wakubwa wa mji na wa usultani wakae mezani pamoja na wenyeji wa pande zote mbili, waweke mawe ya mpaka. Na hata kabla ya mawe, wakubaliane juu ya shimo, bomba la maji na takataka, maana hivyo haviwezi kungoja.

Nne, tuutayarishe mji kwa siku ya mlima. Mpango wa kukimbia usiishie penye kibao cha mwisho cha mji. Uandikwe pamoja na Masisi, Nyiragongo na Kivu ya Kusini, na pamoja na majirani zetu ng'ambo ya mpaka. Mkubwa wa avenyu apewe orodha ya wazee, wagonjwa na wenye mimba, na ajue anaipeleka kwa nani. Kama kuna kazi inayofaa kipandio cha chini kabisa, ni hiyo.

Tano, siku amani itakaporuhusu kura, tusiidharau kura ya diwani wa komini. Watu hupanga foleni kwa ajili ya Rais, halafu wanasema diwani ni mtu mdogo. Rais hataona mfereji ulioziba mbele ya nyumba yako. Diwani ataruka mfereji huohuo akienda kwake. Na bila madiwani hakuna baraza, bila baraza hakuna meya wa watu, na ngazi yote inabaki imetundikwa kutoka juu, haigusi ardhi.

Tulisema mwanzoni kwamba mtaona wenyewe upande upi wa kitabu umejaa. Mmeuona. Upande wa kupokea una majina saba na zaidi. Upande wa kujibu una nafasi tupu nyingi. Nafasi hizo hazitajazwa na karani, kwa kuwa karani huandika tu kilichotendeka. Mtazijaza ninyi, kwa kuuliza kila siku, katika kila mlango, bila matusi na bila woga, mpaka mkubwa wa kila mlango ajue kwamba upande wa pili anasimama mtu anayejua kusoma hesabu.

Sasa sisi tunakaa, nanyi semeni. Kila aliye na karatasi ya malipo mfukoni mwake aitoe, tuisome pamoja.